Chakula Nilichompelekea Yaya Hospitalini

Ndugu zangu, amani ya Mungu ikae na kila aliyefika hapa leo. Nimeomba nisimame huku karibu na dirisha kwa sababu kuna mahali katika habari hii nikifika huwa nalia, na nikilia nahitaji upepo. Msinihurumie, wala msinikatize. Acheni nilie, kisha nitaendelea. Zamu hii ya kutoa ushuhuda wangu nimeiahirisha mara tatu, mama anayetuongoza sala ni shahidi. Mara ya kwanza nilisema naumwa jino. Sikuwa naumwa jino.

Wengi mnanijua. Mi ndiye mama wa malewa, kile kibanda cha chakula pale barabarani, Dilala, mkabala na depo ya mawe ya madini. Wachimbaji wakitoka mashimoni na magunia yao, depo inawapimia mawe, nami nawapimia bukari, ugali wetu. Bukari, mchuzi, kipande cha samaki, sombe ya majani ya muhogo pembeni. Na nilikuwa najivuna, siwafichi. Watu walipita malewa mbili nzima ili wafike kwangu, na mi nilikuwa nawahesabu wakipita.

Siri yangu ilikuwa ladha kali. Mtu aliyeshinda shimoni jasho likimtoka tangu asubuhi hataki chakula chapwa. Siku zangu za kwanza walinitesa. "Mama, hii mboga uliiogesha? Haina munyu!" Munyu ndiyo chumvi, kwa wale mliotoka mbali. Basi nikaongeza, wakasema bado, nikaongeza tena. Mnamjua makayabu, yule samaki mkavu wa chumvi. Wenzangu wanamlowesha siku nzima na kumwaga maji mara mbili, tatu. Mi nilimchovya saa moja tu, ili abaki na ukali wake. Juu yake vidonge vya mchuzi, vile vya karatasi inayong'aa, vinne kwa sufuria, halafu vitano, halafu nikaacha kuhesabu. Soseji za pakiti nikazikata ndani. Na mpishi lazima aonje. Nimeonja sufuria zile siku sita kwa juma, miaka na miaka, hata ulimi wangu ukageuka ulimi wa mchimbaji. Nikialikwa kwa watu, nilikula chakula chao kwa adabu na kurudi kwangu kutafuta kitu chenye ladha.

Sasa nyumbani nilikuwa na dada yangu mkubwa. Mi nilimwita yaya, na leo pia nitamwita hivyo tu.

Tulizaliwa mbali, huko upande wa Kapanga, ambako mvua zikianza barabara inakatika. Mama yetu alikufa mi nikiwa mdogo, sijui hata sura yake. Yaya ndiye alinibeba mgongoni. Aliacha shule kwa ajili yangu. Na kule, ndugu zangu, chumvi ilikuwa inakuja na wachuuzi wa baiskeli. Wasipokuja, tulikula majani matupu majuma mengi. Ikipatikana kidogo, yaya alinitilia mi kwenye mboga yangu, yeye akala yake chapwa, akaniambia hapendi chumvi. Nilimwamini. Nilikuwa mkubwa kabisa, niko Kolwezi na biashara yangu, ndipo nilipojua kwamba yaya anapenda chumvi kuliko mtu yeyote niliyewahi kumwona.

Kwa hiyo alipofiwa na mume nikamleta kwangu, mnaweza kujua nilimpikia nini. Kila jioni nilitoka malewa na sufuria yangu ya akiba, makayabu mnono, soseji, mchuzi mzito. Alikuwa anakula na kufumba macho. Nilikuwa namwangalia nikisema moyoni, leo namlipa. Akanenepa, na majirani wakanisifu. "Huyu mama anamutunza dada yake." Mnajua kwetu, mtu akinenepa, sifa ni ya aliyempikia.

Kisha kliniki wakampima, wakamkuta na tansio, damu imepanda sana. Wakamwambia mambo mawili. Punguza uzito, na acha chumvi.

Ndugu zangu, nawaambia kweli, tulitii. Hapa ndipo roho yangu inapouma. Kama tungekuwa watu wakaidi ningelala vizuri. Mi mwenyewe siku ileile nilichukua pakiti ya chumvi iliyokuwa jikoni nikampa jirani, na kijiko chake juu. Nikapika bila kutia hata punje. Lakini makayabu nilimwacha, maana yule ni samaki. Vidonge niliviacha, maana vile ni viungo. Soseji ni nyama. Sardini ya kopo ni sardini. Kwangu chumvi ilikuwa ile nyeupe ya pakiti, na ile ilikuwa imekwenda kwa jirani. Na kwa vile hatukutia tena ile nyeupe, chakula kilipungua ladha, basi nikaongeza kidonge kimoja.

Upande wa uzito, tulikata bukari. Yaya aliambiwa tonge zinamnenepesha, akaziacha karibu zote, akabaki na mchuzi na samaki. Na kwa kupima, tulikwenda kwenye mizani ya depo. Msicheke. Mngekwenda wapi ninyi? Mizani ya mtu ya kliniki ilikuwa mbali, ile ya depo iko mbele ya mlango wangu, kubwa, ya kupimia magunia. Tata, yule baba anayepima, alikuwa mteja wangu. Kila Jumamosi asubuhi, kabla wachimbaji hawajafika, yaya alipanda pale juu, mkono mmoja ameshika nguzo, tata anasoma.

Majuma ya kwanza alishuka. Kilo mbili, kilo moja na nusu, tena moja. Tulicheza pale depo, mi na yeye, tata akapiga makofi. Yaya alikuwa anasema akifika kilo themanini atarudi Kapanga kuwaonyesha watu kiuno chake. Halafu Jumamosi moja namba ikakaa palepale. Iliyofuata, palepale. Majuma sita, ndugu zangu, mtu hali bukari, haongezi, anatembea kila asubuhi mpaka sokoni na kurudi, na namba haitikisiki.

Tukakasirika. Yaya alilia siku moja, amekaa juu ya gunia tupu. "Mudogo yangu, mi nafanya nini mubaya? Nakula kama ndege." Mi nikamgeukia tata. Nanyi mnajua sifa za mizani za depo. Hakuna mchimbaji Kolwezi asiyesema kwamba zinaiba. Nikamwambia, "Tata, hii mizani yenu ilizoea kudanganya bantu, sasa hata kusema kweli haijue tena." Alicheka, sisi pia tukacheka. Tukaamua mizani ni mwongo.

Na hapo tukafanya lingine baya zaidi. Mtu mmoja alituambia maji yana uzito. Ni kweli, ndoo ya maji ni nzito, nani atabisha? Basi yaya akapunguza kunywa maji. Midomo ikakauka, akawa anakunywa vikombe viwili kwa siku, na makayabu yake yuko palepale kwenye sahani.

Jumamosi moja akapanda, na namba ikawa juu kwa kilo nne. Juma moja tu! Tata akasoma mara mbili. Na mi, mi mwenyewe kwa mdomo huu, nikapiga kelele, "Leo mizani imetubu! Ile kilo yote iliiba, leo imerudisha!" Wachimbaji wawili waliokuwa wamefika mapema walicheka mpaka wakashika matumbo. Yaya naye alicheka, kisha akashika nguzo kwa mikono miwili kwa sababu alikuwa amekosa pumzi. Niliona, na bado nikaendelea kucheka.

Mizani ilikuwa imesema kweli siku ile, na majuma yote ya nyuma pia. Sisi ndio hatukuiamini.

Mambo mengine yalikuwa mbele ya macho yangu. Soksi zake zilimwacha na alama kama kamba. Ukibonyeza mguu wake kwa kidole, shimo linabaki. Pete ya ndoa tuliikata kwa fundi, na yaya aliificha kwenye kitambaa asiione. Akaanza kulala ameketi, mito mitatu nyuma ya mgongo, akisema ni joto. Siku aliyoshindwa kutoka kitandani mpaka mlangoni, ilikuwa saa nne ya asubuhi, nilisimamisha moto, pikipiki ya abiria. Dereva mbele, yaya katikati, mi nyuma nimemkumbatia asianguke. Nilimsikia akipumua ndani ya kifua changu, maji yanachemka mle ndani. Njia nzima nilikuwa nasema, "Polepole, tata, polepole," na palepale nasema, "Haraka."

Hospitali walimwelewa upesi. Moyo umechoka, maji yamejaa miguuni na yamepanda mapafuni. Wakamchoma sindano ya kutoa maji. Akakojoa siku nzima, na asubuhi yake uso wake ulikuwa umerudi. Nilisahau kwamba yaya ana mashavu mazuri vile. Daktari akaniambia, "Mama, chakula bila chumvi." Nikamjibu kwamba nyumbani kwangu chumvi haiingii. Niliapa kwa mama yangu marehemu.

Mnajua hospitali zetu, mgonjwa anapikiwa na watu wake. Mi nilipika kama sijawahi kupika. Nilipeleka sufuria mbili, zimefungwa kwenye kitambaa safi, nikamlisha kwa mkono. Kesho yake miguu imejaa tena. Sindano, akakojoa, akapungua. Nikaleta chakula. Kesho yake amejaa. Siku nne hivyo. Daktari aliongeza dawa, akakuna kichwa, akaniuliza tena habari ya chumvi, nikaapa tena.

Siku ya tano mchana, muuguzi mmoja mwanamke alikuwa akipita na karatasi zake. Akasimama, akanusa. Akafunua sufuria yangu, akatoa kijiko mfukoni, akaonja mbele ya chumba kizima. Kisha akaniangalia, na hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira.

"Mama, hii unapikaka na nini?"

"Na nyanya, kitunguu, mafuta kidogo. Munyu, hapana! Sitiake hata kidogo."

"Na hii samaki?"

"Makayabu."

"Na hii harufu?"

"Bidonge bya muchuzi tu."

Aliketi ukingoni mwa kitanda. "Mama yangu, unisikie muzuri. Makayabu ni munyu. Kidonge ni munyu. Soseji ni munyu. Ile ya pakiti njo uliacha, ile ingine yote uliendelea kumupatia. Siye tunatoa maji asubuhi, weye unarudisha mangaribi."

Wagonjwa sita, na watu wao, wote wananiangalia nikiwa na mfuniko mkononi. Ndipo yaya, aliyekuwa hawezi kusema maneno matano bila kupumzika, akainua mkono.

"Mumuache. Mi njo nilimuomba. Yeye alikuwa anakatala."

Ndugu zangu, uongo! Hakuwahi kuniomba, na mi sikuwahi kukataa. Amelala pale anazama ndani ya mwili wake mwenyewe, na bado ananifichia aibu. Nilitoka nje nikakaa chini ukutani, nikalia mpaka mama mmoja asiyenijua akanifunga kitenge changu vizuri.

Niacheni kidogo. Asanteni.

Muuguzi yule alinifuata baadaye, akanieleza kwa maneno ya kawaida, nami nawaeleza ninyi vilevile. Chumvi inashika maji. Ukila nyingi, mwili unaweka maji ndani, hauyaachi. Yaya alikuwa kweli anapungua mafuta yale majuma sita, njaa yake haikuwa bure. Lakini mafuta yalipotoka maji yalishika nafasi yake, na mizani haijui kutenganisha. Kwa mtu mwenye moyo mzima ni kero, utakasirika tu na nguo zako. Kwa mwenye moyo uliochoka, yale maji yanapanda. Na kukata maji ya kunywa wenyewe bila kuambiwa na daktari, alisema, hakukumsaidia kitu.

Kuanzia siku ile nilipika upya. Limau, kitunguu saumu, tangawizi, nyanya nyingi, mchicha wa lengalenga, samaki mbichi. Kwa siku nane yaya alishuka kilo tisa. Kilo tisa za maji, ndugu zangu, ambazo nilimbebesha mi, kijiko kwa kijiko, na upendo wote. Alirudi nyumbani kwa miguu yake kutoka barabarani. Akakaa nami kuanzia mvua za kwanza mpaka mahindi mabichi yalipotoka. Moyo ulikuwa umeshachakaa, daktari hakutuficha. Alikufa kwenye kiti uani, mchana, sahani yake magotini.

Baada ya kilio, mi nilianguka. Nilifunga malewa. Na mnajua nilikula nini? Makayabu. Yule yule. Nilimla peke yangu, nimefunga mlango, bila kumlowesha, nikinywa maji na kumla tena. Sikuwa na njaa. Nadhani nilitaka kinipate na mi kile kilichompata. Nikavimba. Tansio yangu ikapanda, mi ambaye sikuwahi kuumwa kichwa. Nguo zikanikataa. Jirani akija, nilinyamaza ndani mpaka aende zake.

Aliyenitoa ni yule muuguzi. Alinitafuta mpaka akanipata, sijui nani alimwonyesha nyumba. Hakuhubiri. Aliingia jikoni, akafunua sufuria, akaonja, akatema. Akasema, "Mama, hii ya sasa hata mchimbaji hawezi." Nilicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu tuzike. Nikiwa bado nacheka akanipima tansio mkononi, akaona namba, akakunja uso, akasema Alhamisi nakuja kukuchukua. Na Alhamisi alinileta hapa, chumba hiki, kwenu mnaopambana na tansio na uzito, nikaketi nyuma karibu na mlango.

Ninyi mlinipokea bila kuniuliza. Naushukuru mkono wa yule muuguzi, yuko kazini leo, mfikishieni. Nawashukuru ninyi zaidi kwa siku ile ya chakula cha pamoja, mlipokuwa mkigawana kazi na mama mmoja akasema, "Huyu apike, njo kazi yake." Nilikuwa nimeapa sitapika kwa mtu tena. Nilipika maharage na lengalenga bila kidonge hata kimoja, nikajificha jikoni. Sufuria ilirudi tupu. Najua haikuwa tamu sana, mlinihurumia, lakini ilirudi tupu. Juma lililofuata nilifungua malewa.

Ulimi wangu ulichukua karibu miezi miwili kurudi. Mwanzoni kila kitu kilikuwa kama kutafuna karatasi. Siku moja nikala nyanya nikahisi nyanya. Wachimbaji walinung'unika, "Mama, munyu ilipotea Kolwezi?" Sasa naweka chumvi mezani, kila mtu anatia mwenyewe, na makayabu wangu analala majini siku mbili. Wengine walihama. Wengi walibaki. Na mi nimeshuka, taratibu. Namba ikikwama, maana inakwama, siigombezi mizani wala sikati maji. Narudi nyuma nauliza juma hili nimekula nini cha kopo, cha pakiti, cha kukaushwa na chumvi. Mara nyingi jibu liko pale. Na nikiona imepanda ghafla na miguu imejaa, sichekeshi watu. Naenda kliniki siku hiyohiyo, nanyi mfanye hivyo.

Ningeweza kuketi sasa. Lakini nilipita haraka kwenye siku yake ya mwisho, na nilikuja kuisema.

Asubuhi ile yaya aliniita. "Mudogo yangu, leo nasikia hamu ya makayabu. Kipande kidogo tu, kama kidole."

"Hapana, yaya."

"Utailowesha siku yote, nitangoja."

"Hapana."

"Basi nilambe tu, nisimeze."

Nikamkaripia, yeye aliyenibeba mgongoni. Nilimwambia, "Unataka kufa?" Aliniangalia, akatabasamu, akasema, "Sawa, mama." Aliniita mama. Nikampikia mboga bila chumvi, nikampelekea uani, nikarudi ndani kuosha vyombo. Nilipotoka alikuwa amekwisha kuondoka, na sahani hakuigusa.

Watu wananifariji juu ya yale ya kwanza. Wanasema ulikuwa hujui, na ni kweli, nilikuwa sijui. Lakini siku ile nilikuwa najua, nikafanya sawasawa nilivyofundishwa, na dada yangu akafa na hamu ya kipande cha samaki. Hiyo ndiyo inayoniamsha. Daktari aliniambia kipande kile kisingebadili kitu siku ile. Namshukuru, ila sikumwomba aniambie.

Somo langu ni hili basi. Onjeni sufuria zenu leo, jioni hii, wakati mtu wenu bado ana nguvu za kugombana nanyi juu ya chakula. Anzeni mapema, ili msifike mahali nilipofika mi, ambapo kumpa ni kosa na kumnyima ni kosa. Na kama Mungu angemrudisha yaya leo pale uani, akaniomba tena, nawaambia mbele zenu wote, ningemkatalia. Ila safari hii ningekaa naye.